Mama mwenye mtoto mchanga si mzururaji

Limezuka katika maofisi yetu neno moja ambalo halina budi kupingwa mapema, kabla halijageuka kuwa kanuni. Husemwa kwa mzaha, wakati wa chai, na wenye vyeo pamoja na wasio navyo. Mtumishi wa kike aliye katika likizo ya uzazi ameonekana Posta au Kariakoo, mtoto kamfunga kwa mbeleko, mkoba begani. Kabla jua halijatua habari zimekwisha kufika ofisini: kumbe fulani ni mzima kabisa, anazurura mjini na mtoto, na ikiwa anazo nguvu za kuzunguka mjini, mbona hana nguvu za kurudi kwenye meza yake?

Neno "kuzurura" si jepesi katika nchi hii. Wasomaji wenye umri watakumbuka mwaka 1983, ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na mkazi wa Dar es Salaam akatakiwa aonyeshe ushahidi kwamba anayo kazi, la sivyo ahesabiwe mzururaji na kurudishwa shambani. Watu wanaweza kubishana hadi leo juu ya namna sheria ile ilivyotekelezwa. Lakini hata wakati ule mzururaji alikuwa ni mtu anayedaiwa kuwa hana kazi. Leo jina hilo anabandikwa mwanamke ambaye kazi yake ameibeba mgongoni, kazi isiyo na saa ya kuingia wala ya kutoka, isiyojua Jumapili wala sikukuu. Huu ni ufedhuli, na haupungui kwa kuwa husemwa huku watu wanacheka.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaosema ovyo juu ya likizo hii hawajaisoma. Haki yenyewe haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa ili mwanamke mfanyakazi apate likizo ya uzazi yenye malipo bila kuulizwa kama ameolewa au hakuolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikaweka wazi kiasi chake: siku 84 kwa mtoto mmoja, siku 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja kwa pamoja, katika mzunguko wa miezi 36. Sheria hiyohiyo inakataza mama kufanya kazi katika wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Na akisharudi kazini, mwajiri anapaswa kumruhusu amnyonyeshe mtoto wake katika saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Marekebisho ya mwaka 2025 yamemwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti. Soma vifungu hivyo kutoka juu hadi chini, ndugu msomaji, kisha unionyeshe mahali palipoandikwa kwamba mama huyo akae ndani, afunge mlango, asionekane barabarani. Hapapo. Waliotunga sheria walijua kwamba likizo si kifungo cha nyumbani.

Tena Serikali yenyewe ndiyo inayomwita mama huyu atoke. Hebu tuhesabu. Siku 84 ni wiki 12. Mtoto anatakiwa kliniki kwa chanjo akifika wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kizazi kinatakiwa kiandikishwe ndani ya siku 90, ili mtoto apate cheti ambacho miaka michache baadaye mwalimu mkuu atakidai siku ya kumwandikisha shule. Kama mama ana bima ya afya ya mtumishi, lazima mtoto naye aingizwe. Hapo kuna fomu, picha, mihuri, na mara nyingi lile neno maarufu la "njoo kesho". Shughuli zote hizo hazifanyiki chumbani. Kwa hiyo yule aliyeonekana Posta na mtoto mgongoni, yawezekana sana alikuwa akitimiza amri za dola hiyohiyo inayomlipa mshahara mtu anayemsengenya.

Lakini sitaki kuishia hapo, kwa sababu kuishia hapo ni kukubali kwamba mama ana haki ya kutoka pale tu anapokuwa na karatasi mkononi. Na kama hana? Kama ametoka kwa sababu amechoka kukaa ndani? Mimi nasema haki yake iko palepale.

Wengi wa watumishi wa ngazi ya chini na ya kati katika Dar es Salaam ni wapangaji. Tunazijua nyumba hizo: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua mmoja, choo kimoja, bati juu. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua linapowaka, chumba cha namna hiyo saa 8 mchana huwa tanuri. Feni, umeme ukiwapo, hurudisha joto lilelile usoni mwa mtoto. Vipele vya joto humwandama shingoni. Mama anayemchukua mwanawe akaenda kukaa chini ya mvinje wa ufukweni, kando ya Barabara ya Barack Obama (ile iliyokuwa ikiitwa Ocean Road hadi mwaka 2013), anafanya jambo ambalo mganga yeyote mwenye akili angelimshauri. Yule mwenye kiyoyozi nyumbani na gari mlangoni haonekani barabarani, naye hasengenywi. Kwa hiyo hasa anayeonekana "kuzurura" ni mke wa mnyonge, au mnyonge mwenyewe.

Wapo watakaoniambia habari za desturi. Watasema kwamba bibi zetu walikaa ndani siku arobaini, wala hawakwenda kutazama bahari. Ni kweli, na desturi ile naiheshimu. Lakini tuitazame nzima, tusiikate kipande kinachotufaa. Mzazi wa pwani alipokaa ndani siku arobaini hakukaa peke yake. Mama yake alikuwapo, au shangazi, au somo yake. Kulikuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, mtu wa kumpikia uji wa pilipili manga na mchuzi, mtu wa kumpokea mtoto usiku ili mzazi apate kulala. Nyumba ilijaa wanawake na maneno na kicheko. Na siku ya arobaini ilipotimia, mtoto alitolewa nje kwa furaha akaonyeshwa ulimwengu. Leo mwalimu aliyepangishiwa chumba Kimara au Mbagala, mama yake yuko Songea au Bukoba, mume anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Msaidizi wa kazi, kama yupo, ni msichana mdogo ambaye naye anahitaji kulelewa. Mnataka mama huyu achukue kufuli la desturi ile bila kupewa mikono iliyokuwa imeizunguka. Na hata tukihesabu kwa desturi hiyohiyo, ondoa siku 40 katika siku 84, zinabaki 44. Katika hizo 44 desturi haimfungii mtu.

Madaktari wanatufundisha kwamba baada ya kujifungua baadhi ya wanawake hupatwa na sonona, ugonjwa hasa, si deko wala uvivu wa mjamzito wa jana. Upweke huuongeza. Mwanamke aliyezoea kusimama mbele ya wanafunzi au kuhudumia wananchi dirishani, ghafla anabaki na kuta nne na kilio. Kwake kutoka kidogo, kusalimiwa na muuza machungwa, kuulizwa mtoto anaitwa nani, ni dawa isiyouzwa katika duka lolote. Hili nalo tulicheke?

Sasa tuugeukie mji wenyewe, maana hapa ndipo aibu inapostahili kuelekezwa. Je, mji huu umemwandalia nini mama mwenye mtoto mchanga?

Apande daladala. Kondakta anayetafuta abiria wa kusimama hamtaki, kwa kuwa mama na mtoto huhesabiwa nauli moja na huchukua nafasi ya wawili. Gari hupunguza mwendo, humtazama, huondoka. Akipokelewa, mara nyingi hukalishwa mbele juu ya injini, kwenye joto na harufu ya mafuta. Akikataliwa mara tatu nne, anapanda bodaboda, mtoto katikati yake na dereva, bila kofia, huku malori yakipita. Ajali ikitokea tutamlaumu yeye kwa kutokuwa mwangalifu.

Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, wengi tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Vituo vyake vilijengwa kwa kimo kimoja na sakafu ya basi, ili mzee, mlemavu na mama wapite bila kupanda ngazi. Waliobuni walifikiri vyema. Lakini mlango wa basi unapogombewa kama lango la uwanja wa mpira, kimo hicho hakimfai kitu mwenye kichanga cha wiki saba. Mhandisi aliiondoa ngazi. Msimamizi wa kituo hakuuondoa msukumano.

Hata hivyo lazima niseme jambo moja kwa haki ya watu wa kawaida. Ndani ya daladala hiyohiyo iliyosongamana utasikia sauti ya mtu asiyemjua mama yule: "Nipe nikupakatie." Mtoto hupita juu ya vichwa, mkono hadi mkono, hukaa juu ya mapaja ya mgeni, huchezewa hadi kituo cha kushukia, kisha hurudishwa kwa mama yake salama. Hakuna sheria iliyowaamuru abiria wale. Ukifika penye kaunta ya ofisi, penye feni na picha za viongozi ukutani, hapo ndipo utu unapopotea.

Mke wangu ni mwalimu. Alipokuwa katika likizo nilimsindikiza siku moja katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kufuatilia karatasi ya mtoto. Tulifika saa 2 asubuhi. Foleni ilikuwa ya watu wasiopungua hamsini, viti kumi na viwili. Wananchi wenyewe walisogea wakampa kiti. Karani hakuinua macho. Saa 5 mtoto alilia, mama akataka kumnyonyesha. Askari wa mlangoni, kijana mwenye adabu tu, alikuja kutuambia kwamba ameagizwa mambo hayo yasifanyike pale mbele ya wageni, kuna nafasi huko nyuma. Nafasi ya huko nyuma ilikuwa ni ukuta wa choo. Karatasi tuliipata saa 7 na nusu. Kati ya wanawake sita waliokuwa na vichanga siku ile hakuna hata mmoja aliyeitwa mbele, na kuwaita wote sita kungechukua, kwa kukadiria, nusu saa.

Namwuliza aliyemwagiza askari yule: aibu ya kunyonyesha mmeitoa wapi? Si ya kwetu. Mwanamke wa nchi hii amenyonyesha sokoni, shambani, kwenye mkutano wa hadhara na ndani ya gari-moshi, akajifunika kanga yake, na hakuna mwanamume aliyepofuka. Titi la mama kugeuzwa jambo la kuficha ni kasumba tuliyoletewa, na hao waliotuletea ndio haohao waliotuletea na maziwa ya kopo. Ilipofika mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulilazimika kupitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti biashara ya maziwa hayo, baada ya watoto katika nchi maskini kudhurika. Kila mwaka, kuanzia Agosti 1 hadi 7, tunaadhimisha Wiki ya Unyonyeshaji. Fulana huchapishwa, mgeni rasmi huhutubia, mabango huning'inizwa kwenye kuta za ofisi zilezile zinazomwelekeza mama chooni. Wataalamu wa afya wanasema mtoto anyonye bila kupewa kitu kingine kwa miezi 6. Anyonye wapi, kama ofisini ni mwiko na barabarani ni fedheha?

Utaambiwa kwamba hakuna fedha za kujenga vyumba maalumu. Wenzetu wa Kenya, katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017, wamewataka waajiri kuweka mahali pa kunyonyeshea. Sisemi kwamba kila mwajiri wa huko ametii. Nasema jambo limeandikwa, na mama analo la kushika mkononi akidai. Sisi pazia moja na viti viwili kwenye kona ya ukumbi vimetushinda.

Na akitaka kupumzika tu, aende wapi? Bustani ya Mimea, ile ya Barabara ya Samora iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, imemegwa hata imebaki kipande tu cha ilivyokuwa. Mnazi Mmoja wakoloni waliuacha wazi, lakini si kwa kumhurumia mtoto wa Mwafrika apate hewa. Waliuacha ili utenganishe mitaa ya Wazungu na Wahindi na mitaa ya watu weusi wa Kariakoo. Uhuru ulipopatikana tulipasimika mnara, jambo jema. Lakini ebu tembea kutoka Kivukoni hadi Fire uhesabu mabenchi ya umma yaliyo chini ya kivuli, kisha uhesabu vyoo ambavyo mama anaweza kuingia na mtoto akaweza kumbadilisha nepi bila kumlaza sakafuni. Hesabu hiyo haitakuchosha. Ndiyo maana siku hizi akina mama hukimbilia Mlimani City na maduka makubwa ya namna hiyo: kuna ubaridi, kuna pa kukaa, kuna maji. Hewa na kivuli vimekuwa bidhaa. Asiye na fedha ya soda huko ndani hujiona mgeni, hutembea akijifanya anatafuta kitu cha kununua.

Hata njia za waenda kwa miguu, zile zilizopo, ni mapito ya pikipiki na maegesho ya magari. Nimesikia wasomi wenzangu wakilalamika kwamba haziwezi kupita kigari cha mtoto. Mimi kigari hakinisumbui sana. Mbeleko ni chombo bora kuliko kigari, hakihitaji lami, na mtoto husikia moyo wa mama yake. Kinachonisumbua ni kwamba hata mwenye mbeleko hulazimika kushuka barabarani kwa kuwa mkubwa fulani ameegesha gari lake la Serikali juu ya njia ya miguu.

Nirudi kwa wakubwa wa maofisi na wa shule, maana wao ndio wasomaji wa safu hii. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi dhidi ya ujeuri, dharau na uonevu kwa wanaowaongoza. Mtu hudhani onyo lile liliwahusu mameneja wa viwanda peke yao. Lakini tazama: mwalimu mkuu anayechukia kusikia kwamba mwalimu wake aliye likizoni ameonekana Coco Beach na mtoto, ndiye huyohuyo anayemtumia mafungu ya karatasi za mitihani ya majaribio nyumbani, azisahihishe "maadamu umekaa tu". Mkuu wa idara humpigia simu katika wiki ya tatu kuuliza faili liko wapi, na katika wiki ya tano kumwomba apitie taarifa. Sheria imekataza kazi katika wiki 6 za mwanzo. Simu hiyo ni kazi. Karatasi hizo ni kazi. Kumbe kinachowachukiza wakubwa hawa si kwamba mama ana nguvu. Ni kwamba nguvu zake, kwa siku 84 tu katika miaka mitatu, hawana amri nazo.

Vyama vya wafanyakazi navyo visikae kimya. Chama cha Walimu na TUGHE wanajua kwamba Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja likizo isiyopungua wiki 14. Sisi tuko wiki 12. Wiki hizo mbili zinazokosekana ndizo zinazoiacha chanjo ya wiki ya 14 nje ya likizo, hivyo mama aliyekwisha rudi kazini huanza kwa kuomba ruhusa, na ruhusa hiyo huandikwa katika mafaili ya vichwa vya wakubwa kama utoro. Tena aliyeanza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, kama sheria inavyomruhusu, hubaki na wiki 8 tu. Kwake hata chanjo ya wiki ya 10 iko nje. Siku 98 zinazohesabiwa tangu siku mtoto alipozaliwa zingelimaliza jambo hili.

Wakati hilo linadaiwa, yapo yasiyongoja Bunge. Mkuu wa ofisi anaweza kesho asubuhi kuandika kwa mkono wake, katika karatasi moja, kwamba mwenye mtoto mchanga atahudumiwa kwanza, na kuibandika mlangoni. Msimamizi wa kituo cha mabasi anaweza kuutenga mlango mmoja wa basi kwa wazee, walemavu na wenye watoto, na kumsimamisha mtu hapo. Halmashauri zetu huanza mwaka wa fedha Julai 1, na kabla ya hapo madiwani hukaa kupitisha makadirio. Wakikaa safari hii, watumishi na walimu walioko katika kata zao wawaulize swali moja la wazi: mabenchi, miti ya kivuli na vyoo vya umma viko katika kifungu gani, na ni shilingi ngapi?